Kidole Gumba cha Leonard Pruchnik

Leonard Pruchnik alikuwa mtu wa haki, na jambo hilo lilimkera karibu kila aliyemfahamu. Kazi yake yote ilikuwa ukaguzi wa mizani wa wilaya. Alizunguka Cheektowaga na vitongoji vingine vya Buffalo na sanduku la mawe ya mizani ya shaba, akiingia kwenye bucha, maduka ya peremende na vituo vya mafuta, akihakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopimwa. Hakunywa hata kahawa ya mwenye duka. Akikuta mizani inadanganya, aliibandika kibandiko chekundu, akaandika faini, akasema "Siku njema" kwa sauti ileile aliyoitikia sala kanisani, akaenda zake.

Hata mke alimpata kwa kibandiko. Bernadette alikuwa binti wa mzee Szymczak, mwenye bucha aliyesifika kwa mambo mawili: soseji zake, na kidole gumba chake cha mkono wa kulia, ambacho kilipenda kujipumzisha kwenye sahani ya mizani kila nyama ilipokuwa ikipimwa. Leonard, kijana wakati huo, alisimama kwenye foleni kama mteja, akakiona, akamwandikia mzee faini mbele ya akina mama wa parokia nzima. Binti aliyekuwa nyuma ya kaunta alimwita jina lisiloandikika. Mwaka uliofuata wakaoana. Mzee Szymczak alikuja harusini, akala, akacheza, akalia kidogo, lakini mpaka anaingia kaburini hakuwahi kumwita mkwewe kwa jina lake. Alimwita "Serikali."

Basi mtu wa haki akistaafu ni balaa ndani ya nyumba. Leonard alikaa wiki chache tu, akaanza kupima. Alipima paketi za kahawa kuona kama zimejaa. Alipima maziwa. Siku Bernadette alipomkuta akipima soseji za chakula cha jioni moja moja na kuzipanga kwa uzito, alimwambia atafute kitu cha kupima nje ya jiko lake, la sivyo yeye mwenyewe atafute pa kula.

Ndipo alipougeukia mpira. Si kwamba hakuwa akiutazama. Mji ule mtu hachagui kuipenda timu ya Buffalo. Unaipata pamoja na maji ya ubatizo, na kama ubatizo, haifutiki. Mpira wenyewe ni ule wao wa umbo la yai, unaobebwa mikononi mechi nzima na bado wanauita mpira wa miguu. Leonard alikuwa ameutazama tangu utotoni kwa moyo wa muumini. Sasa akaanza kuutazama kwa jicho la mkaguzi, na kosa la kwanza aliloliona lilikuwa kwa jirani yake.

Jirani huyo, Duane Fiorella, fundi bomba, mtu wa tumbo kubwa na cheko la karibu, alikuwa akibeti kila Jumapili kwa kusikiliza tumbo lake. Tumbo likisema Denver, alibeti Denver. Mikeka yake ilichanika wiki baada ya wiki, naye alicheka na kujaribu tena. Kilichomuumiza Leonard si hela za Duane. Ni kule kukosa kipimo.

"Kila timu ina uzito wake," alimwambia siku moja wakiwa uani. "Kazi ni kuujua tu."

"Tumbo langu linaujua, mzee."

"Tumbo lako linajua mabawa ya kuku."

Leonard akatundika ubao kwenye chumba cha chini ya nyumba, pembeni ya mashine ya kufulia, akaanza kutengeneza kipimo chake. Utaratibu haukuwa wa ajabu. Alimfundisha Duane kwa muda wa chupa moja ya bia. Kila timu inapewa namba ya nguvu. Ya kawaida ishirini, ya kutisha inakaribia thelathini, mbovu kumi na kitu. Timu mbili zikikutana, unatoa namba ndogo kwenye kubwa, na mwenyeji unamwongezea pointi mbili na nusu, kwa sababu nyumbani ni nyumbani: kitanda chako, kelele zako, baridi uliyoizoea. Kinachobaki ndiyo tofauti ya pointi unayoitegemea. Kisha unatazama handikapu ya kampuni ya kubeti, yaani ile tofauti ambayo timu kubwa lazima iipite ndipo aliyeibetia ale. Kampuni ikisema saba na kipimo chako kinasema tatu, kampuni imempendelea mkubwa, nawe unambetia mdogo. Mkikaribiana na kampuni, unanyamaza. Mechi zikiisha unarekebisha: iliyocheza vizuri kuliko ulivyotegemea unaipandisha kidogo, iliyocheza vibaya unaishusha kidogo.

"Na moyo unauweka wapi?" Duane aliuliza.

"Nje," Leonard alijibu. "Kwenye mizani hakuna sahani ya moyo."

Alilisema hilo kwa fahari, na akalirudia kwa kila aliyemsikiliza: kwa padri, kwa muuza mikate, kwa daktari wa meno wakati mdomo uko wazi. Mwishowe akalirudia jikoni mwezi Agosti, Bernadette akimenya viazi, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Bernadette alikuwa na neno moja moyoni, nalo lilikuwa Florida. Binti yao Colleen alikuwa anaishi huko, na mwaka ule alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Zaidi ya hapo, Bernadette alikuwa na goti. Goti hilo liliumia alipoteleza kwenye barafu ya ngazi za kanisa, na tangu hapo kila theluji ilipoanguka lilimkumbusha. Kila mwaka alimwomba Leonard wauze nyumba wahamie kwa mtoto, na kila mwaka Leonard alisema "mwakani" kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba mwakani haina mwisho. Nyumba ile aliijenga baba yake. Leonard alizaliwa ndani yake, na kusema kweli hakuona sababu ya kufia kwingine.

"Hizo kampuni za kubeti zina kompyuta na wasomi," Bernadette alisema bila kuinua macho kwenye viazi. "Wewe una chaki."

"Mizani haijali nani kaishika, Bernie."

"Kwa hiyo utawashinda."

"Msimu ukiisha nitakuwa nimepatia mara nyingi kuliko nilizokosea. Naweka ahadi."

"Basi weka na nyumba." Akaweka kisu chini. "Ukipatia zaidi, tunabaki, na neno Florida hulisikii tena kinywani mwangu. Ukikosea zaidi, tunauza tunakwenda. Nimechoka na mwakani, Len. Nataka kitu kinachosema ndiyo au hapana, na wewe kitu unachokiamini ni hicho."

Leonard alimtazama. Mtu mwingine angesema mke wangu, nyumba si jambo la kubetia. Lakini mtu mwingine hakuwa na ubao chini. Wakapeana mikono juu ya maganda ya viazi.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Kipimo kilifanya kazi. Kiliona kwamba Dallas inasifiwa kuliko uzito wake, kikaona Detroit imedharauliwa, na Leonard akawa anapanda ngazi za chumba cha chini kila Jumatatu huku akipiga mluzi. Kila mechi aliibetia pesa ya chakula cha mchana tu. Alichokuwa anakichezea si pesa, ni nyumba. Duane alianza kumsalimia "profesa" na kuja kuuliza namba, ingawa baadaye alibeti kinyume chake kwa sababu tumbo limekataa.

Ubao ulikuwa karibu na mashine ya kufulia, na anayefua alikuwa Bernadette. Hakuwa mtu wa mpira sana, lakini alikuwa anajua kusoma. Aliona timu ikifungwa inashushwa. Denver ilishushwa, Seattle ikashushwa, Pittsburgh ilifungwa kwa bahati mbaya tupu, mpira umegonga mlingoti, nayo ikashushwa bila huruma. Kisha Buffalo ikafungwa na timu ambayo hata watoto wa shule walikuwa wakiicheka. Bernadette alishuka Jumanne na kapu la nguo, akatazama ubao. Namba ya Buffalo ilikuwa palepale.

"Hawa hukuwashusha?" aliuliza.

"Upepo," Leonard alisema. "Upepo wa ziwani siku ile ulikuwa wa ajabu. Huwezi kuuhesabu mchezo wa namna ile."

Bernadette akatia sabuni kwenye mashine. Mara nyingine ikawa ni mwamuzi. Mara nyingine mchezaji wanayemtegemea alikuwa na mafua, na mtu mwenye mafua hapimwi. Buffalo walipokwenda kucheza ugenini Cleveland, Leonard aliwapa wao, si Cleveland, zile pointi mbili na nusu za mwenyeji, akieleza kwamba nusu ya uwanja itajaa watu wa Buffalo waliokwenda kwa magari, kwa hiyo, ukitazama kwa makini, ni kama nyumbani. Alilisema bila kupepesa macho. Walipofungwa, ilionekana kwamba wale watu wa magari walikwama barabarani.

Wahenga walisema nyani haoni kundule, na hawakuwahi kukutana na mkaguzi wa mizani. Leonard hakuwa anadanganya. Hapo ndipo penye uchungu. Mtu aliyetumia maisha yake kunusa udanganyifu kwenye vidole vya wenzake aliweka chake juu ya sahani kila Jumanne, akakibonyeza, na angeapa mbele ya msalaba kwamba mikono yake iko mfukoni.

Mwezi Januari ulipofika, wiki ya mwisho ya msimu, alizopatia na alizokosea zilikuwa sawa kabisa, na kwenye mechi zote zilizobaki ni moja tu ambayo kipimo chake na kampuni vilitofautiana. Buffalo nyumbani dhidi ya Miami. Miami ya Florida. Bernadette aliposikia alicheka mpaka akashika goti.

Kampuni ilisema Buffalo itashinda kwa zaidi ya sita. Ubao wa Leonard ulisema itashinda kwa kumi. "Tunabaki," alisema Jumamosi asubuhi, akipangusa chaki kwenye suruali. "Buffalo wanawala hawa. Tunabaki, Bernie."

Bernadette aliweka kapu chini. Alikuwa amekaa kimya tangu majani hayajapukutika, na kimya hicho sasa kilikuwa kimemshinda.

"Baba yangu alikuwa anabonyeza kwa upole kuliko wewe," alisema.

"Nini?"

"Kidole, Len. Baba yangu alikuwa na haya kidogo. Aligusa tu. Wewe umekalia sahani kwa makalio."

"Sijui unazungumzia nini."

"Pittsburgh hawana upepo? Denver hawapati mafua? Kila timu hapo ina namba yake. Buffalo wana namba na wakili." Sauti yake haikuwa ya dhihaka tena. "Mimi nataka kwenda Florida. Unajua nataka. Lakini sitaki kwenda, wala kubaki, kwa mizani ya uongo. Nimekulia kwenye mizani ya uongo, nimewaona watu wakilipia kidole cha baba yangu. Wewe ndiye uliyenitoa huko."

Akapanda juu taratibu, goti moja baada ya jingine, akamwacha.

Leonard alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwanza alikasirika, kama wanavyokasirika wote. Yeye mwenyewe alikuwa amewaona wenye bucha wengi wakikasirika hivyohivyo, na alijua kinachofuata baada ya hasira ni kujikuna kichwa. Akajikuna kichwa. Kisha akachukua kitambaa, akafuta namba ya Buffalo, akaanza upya tangu mwanzo wa msimu, safari hii bila upepo, bila mwamuzi, bila mafua. Aliona kitu kingine ambacho hakuwahi kukitazama: karibu zote alizokosea zilikuwa mechi za Buffalo. Kwingine kote alikuwa amewashinda wenye kompyuta. Angeiacha timu yake nje ya ubao, nyumba ingekuwa salama tangu Krismasi. Kipenda roho hula nyama mbichi, na yeye alikuwa ameila msimu mzima na kusifia ilivyoiva.

Namba ya haki ilipopatikana, ilisema Buffalo itashinda, lakini kwa tatu tu. Kampuni ilisema zaidi ya sita. Kwa hiyo, kwa utaratibu aliouandika mwenyewe, ilimpasa ambetie Miami.

Ni vigumu kueleza uzito wa jambo hilo kwa mtu asiyetoka Cheektowaga. Kuna watu huko waliosamehewa wizi. Kuna mmoja aliyechoma gereji ya kaka yake, na bado anaalikwa Pasaka. Lakini kumbetia Miami, Buffalo ikicheza nyumbani, hakuna aliyewahi kulikiri, kwa hiyo hata adhabu yake haijulikani. Leonard alizima taa ya chumba cha chini kabla ya kubonyeza simu, utadhani mtakatifu fulani alikuwa akichungulia dirishani.

Jumapili Duane alikuja na fulana ya timu juu ya koti, sinia la mabawa ya kuku mkononi. Nje theluji ilikuwa inaanguka kwa ubavu. Walikaa watatu mbele ya televisheni, Bernadette akifuma soksi za mjukuu. Buffalo ilipata pointi za kwanza, Duane akaruka juu. Leonard akapiga makofi mawili, akakumbuka, akaacha.

"Unaumwa?" Duane aliuliza.

"Hapana."

"Uso huo ni wa mtu anayeumwa. Shemeji, mume wako kala nini?"

"Kabeti Miami," Bernadette alisema bila kuinua macho kwenye uzi.

Duane alirudisha bawa la kuku kwenye sinia. Aliposema, alisema kwa sauti ya msibani.

"Len. Ni madeni? Kama ni madeni, bwana, ungesema tu. Watu tungechanga."

"Siyo madeni. Ni kipimo."

"Kipimo cha hospitali?"

Leonard akamweleza: nyumba, Florida, kidole. Duane alisikiliza akikuna tumbo, lile lililokuwa limembetia Buffalo tangu Alhamisi. "Kwa hiyo leo unataka tushinde," alisema mwishoni, "lakini kidogo."

"Kwa tatu. Nne. Hata sita ni sawa."

"Mimi sijui kushangilia kidogo, jirani. Nisamehe."

Lakini, ajabu, kipimo kilikuwa kinasema kweli. Miami haikukubali kuliwa. Ikabaki chini ya dakika moja, Buffalo ishirini na nne, Miami ishirini na mpira mikononi mwao. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Buffalo inashinda na nyumba inabaki, timu na nyumba pamoja, na yote kwa haki. Leonard alihisi raha aliyokuwa akiihisi zamani, mawe ya shaba yanapotulia na sindano ikasimama katikati.

Mrushaji wa Miami akarusha. Kijana mmoja wa Buffalo, mlinzi wa akiba ambaye msimu mzima alikuwa amekaa benchi, akaunyaka mpira angani. Mechi ilikuwa imekwisha. Alichotakiwa kufanya ni kulala chini tu na mpira wake kifuani, muda uishe. Wenzake walimwashiria alale. Lakini kijana aliinua kichwa akaona uwanja mbele yake uko wazi mpaka mwisho, mweupe kwa theluji, na pengine hakuwahi kuona uwanja wa namna hiyo maishani mwake.

"Lala!" Bernadette alipiga kelele. Alikuwa amesimama, soksi imeanguka, amesahau goti. "Lala chini, mtoto wewe! Lala!"

"Kimbia!" Leonard alinguruma. "Kimbia, mwanangu! Kimbia! Kimbia!"

Kijana akakimbia. Alikimbia uwanja mzima na hakuna aliyemgusa, na alipouvuka mstari Leonard alikuwa juu ya kochi kwa miguu yote miwili, mabawa ya kuku yametapakaa kwenye zulia, amemkumbatia Duane wakiimba kama wachawi. Alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika wilaya ile. Ilidumu mpaka mpira wa nyongeza ulipopigwa kati ya milingoti, zile pointi sita za kuvuka mstari zikawa saba, na ubao wa matokeo ukabadilika. Thelathini na moja kwa ishirini.

Alishuka kwenye kochi. Bernadette alikuwa angali amesimama, mkono mdomoni.

"Kumi na moja," Leonard alisema.

"Nimeona."

"Ningeacha namba yangu ya zamani... Ilisema kumi. Ningembetia Buffalo. Kidole kingepatia, Bernie."

"Kidole hupatia mara moja moja. Ndiyo maana baba alikipenda."

Duane aliwatazama mmoja mmoja, akaaga kwa mkono, akatoka na sinia tupu. Leonard akakaa.

"Kwa nini ulimwambia alale?" aliuliza. "Wewe ndiye unayetaka Florida."

"Naitaka bado. Sikutaka kuuona uso huo ulio nao sasa." Akaokota soksi. Alikuwa analia, naye alikasirika kwamba analia. "Na wewe, mpumbavu, kwa nini ulimwambia akimbie?"

Leonard alifikiri. "Alikuwa anakimbia vizuri," alisema.

Nje mitaa yote ya Cheektowaga ilikuwa inapiga honi. Kisha Bernadette akasema kwamba mechi ile, ukitazama kwa makini, ilikuwa imekwisha pale mpira uliponyakwa. Kwamba zile pointi za mwisho zilikuwa utoto tu. Kwamba wanaweza kusema hazikuhesabika, na nani atajua?

Leonard alimtazama mkewe kwa mapenzi makubwa, kwa sababu alikiona kidole cha Szymczak kikishuka polepole kwenye sahani, na safari hii kilishushwa kwa ajili yake.

"Mizani ikishasema, imesema," alijibu. Mwezi wa Aprili nyumba ikauzwa kwa vijana wawili wapya, naye akawaachia koleo la theluji mlangoni na maelekezo marefu ambayo hawakuyaomba.

Ubao alihama nao. Ulitundikwa kwenye gereji ya Florida, pembeni ya mashine ya kufulia, na msimu ulipoanza akaujaza upya: kila timu na namba yake, bila upepo, bila mafua. Majirani wapya walianza kumwita profesa. Buffalo walipofungwa aliwashusha kwa shingo upande, lakini aliwashusha.

Mwezi wa Desemba Buffalo walikuja kucheza Miami. Bernadette aliingia gerejini, akatoa nguo za mtoto kwenye mashine, akazitia kapuni, akasoma ubao. Hesabu zote zilikuwa safi. Zile pointi mbili na nusu za mwenyeji tu ndizo zilizokuwa zimeandikwa upande wa Buffalo, ingawa wageni walikuwa wao. Alimtazama mumewe, aliyekuwa amesimama na chaki, kidole gumba cheupe, akitazama pembeni. Bernadette akabeba kapu lake akatoka, akaanika nguo juani.